Kiti cha Mwalimu Marcelina

Jumamosi, 12 Oktoba 1957

Nimepewa kazi! Mwalimu Marcelina aliniita baada ya kengele — nikajua nimekosea hesabu za jana. Kumbe sikukosea. Anaanzisha chama na anataka karani mwenye mwandiko mzuri. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Halafu nikasema tena, "Ndiyo, Mwalimu." Halafu nikaangusha kichupa chake cha wino. Bahati kilikuwa kitupu.

Chama ni cha walimu wanawake wanaofundisha hesabu, sayansi na ufundi. Katika jimbo letu lote anawajua watatu, akijihesabu mwenyewe. Wengine wote wanafundisha kushona, kupika na kulea watoto wachanga. Yeye ni Mnyamwezi wa Igalula. Hapa anatufundisha hesabu, na tangu Julai, kila Jumanne na Alhamisi, anaazimwa na shule ya ufundi ya wavulana ng'ambo ya reli, kufundisha uchoraji wa majengo. Hapajawahi kuwa na mwalimu mwanamke pale! Kuchora alijifunza mwenyewe kwa masomo ya posta.

Sasa amechora tangi la kukingia maji ya mvua, litajengwa nyuma ya madarasa yetu na wavulana wake. Mkaguzi atakuja mwezi ujao kulitazama. Akiridhika, Mwalimu atathibitishwa, na mwakani wasichana wawili wa shule yetu wataruhusiwa kuingia darasa lile la uchoraji. Asiporidhika, Mwalimu anarudishwa kwenye cherehani, kufundisha kushona kama wengine.

Wasichana wawili. Sijamwambia mtu ninachotaka. Naandika hapa tu — nataka niwe mmoja wao.

Nilipofika nyumbani, mtaa wa Cheyo hapa Tabora, jirani yetu Mzee Lugembe alikuwa anatoka mlangoni na chungu chetu cha maharage mikononi, Bibi anamfuata na mwiko. Wote wanacheka hadi machozi. Sisi ni Wazaramo, yeye Mnyamwezi, basi ni watani, na mtani ana haki ya kukuibia chakula mchana kweupe. Anasema anayaokoa maharage, maana Mzaramo aliyekosa nazi hajui kupika, anachemsha tu na kulia. Bibi akamwambia kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alibeba pembe za watu hadi pwani akarudi na njaa ileile.

Nilijificha chumbani. Sipendi utani. Mtu akinitania mashavu yanawaka na maneno yanakimbia. Bibi anasema Baba alipohamishiwa huku na kazi ya reli, mimi nilishuka kwenye treni, ulimi wangu ukaendelea na safari Kigoma.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo nimeingia shule ya ufundi! Mwalimu aliniombea ruhusa nimbebee karatasi zake za michoro. Nilitangulia, nikasimama kando ya mlango wa karakana. Hakuna aliyeniona. (Hii ni kazi moja ninayoiweza vizuri.)

Ndani walikuwa wawili. Bwana Tobias ndiye mkuu wa mafundi, mwashi mwenye tumbo na miwani. Lukumani ni seremala wa mjini, mwembamba, kofia yake nyeupe hata katikati ya vumbi la mbao. Tobias alikuwa amechora mlango wa stoo. Lukumani akautazama kidogo tu.

"Huu mlango wa watu au wa kuku?"

"Wa watu. Wewe utapitia dirishani."

"Tobias, huu umeuchora ukiwa umelala. Bawaba ziko upande mmoja na kitasa! Utaufungua na nini, na dua?"

Tobias akamwambia anyamaze, benchi lake la juzi bado linacheza ngoma kila mtu akikalia. Lakini huku anatukana, mkono unafuta, unachora upya. Bawaba zikahamia upande wa pili. Wakacheka, kwisha.

Hapo akaingia Mwalimu Marcelina. Kimya! Lukumani akavua kofia. Tobias akapaza sauti, "Kiti! Mleteeni Mwalimu kiti!" Kikaja kiti cha mikono, chenye mto wa maua. Ikaja chai. Mwalimu akakaa, akakunjua mchoro wa tangi na kuwauliza wanauonaje.

"Vizuri sana, Mwalimu," alisema Tobias.

"Vizuri sana," alisema Lukumani.

Hakuna aliyeinama kutazama. Waliukunja taratibu wakamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa wenyewe.

Njiani Mwalimu aliniuliza kama nimeona wanavyomheshimu. Nikasema nimeona. Akasema tangu Julai hajawahi kukosa kiti. Hakusema kwa furaha. Nikahamisha karatasi kutoka kwapa hili kwenda lile.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mkutano wa kwanza, katika darasa letu. Waliohudhuria: watatu. Walioomba udhuru: hakuna, kwa sababu hakuna wengine.

Mwalimu Batuli anafundisha sayansi shule moja ya wasichana mjini. Ni wa familia za zamani za hapa, buibui lake linanukia udi, anazungumza kama anayesoma. Mwalimu Ng'washi ni Msukuma, amekuja na treni ya Mwanza kutoka Bukene. Huko anafundisha akina mama kujenga majiko na kuzungushia visima matofali. Mwanamke mkubwa, mikono kama ya mwashi, sauti ndogo kama ya kifaranga. Alileta kuku wa zawadi kwa mwenyekiti. Tatizo: hatukuwa na mwenyekiti.

"Wewe ndiye unayefaa, Mwalimu mwenzangu."

"Siwezi kukutangulia, Mwalimu mwenzangu."

"La hasha. Mimi ni mgeni."

Hivyo, hivyo, hadi adhuhuri! Kuku alishajinasua kwenye kamba na kupanda kwenye dawati la mbele. Mwalimu Batuli alipotoka kwenda kuswali, wale wawili wakatazamana, wakampigia kura haraka. Aliporudi akakuta ni mwenyekiti na ana kuku.

Baada ya hapo adabu ikazidi. Mwalimu Batuli alisema huenda tukazungumza habari za ile nyota ya Warusi inayozunguka dunia. Walikubali kwamba inashangaza. Mwalimu Marcelina aliuliza kama kuna yeyote mwenye shida katika kazi yake, ili tusaidiane. Hakuna. Bukene hakuna shida. Mjini hakuna shida. Yeye mwenyewe? Hana shida, anaheshimiwa sana. Niliandika "hakuna shida" mara tatu na kalamu yangu ilikuwa ya kwanza kuona aibu.

Mwisho alikunjua mchoro wa tangi. Mwalimu Ng'washi aliinama — yeye aliinama kweli — akatazama, akatazama tena, akafumbua mdomo. Kisha akaufunga. "Safi kabisa, Mwalimu mwenzangu." Mwalimu Batuli akasema mistari imenyooka.

Treni ikapiga honi. Mkutano ukafungwa. Tutakutana tena baada ya wiki mbili.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi anataka kujua jina la chama. Nikamwambia: Chama cha Walimu Wanawake wa Hesabu, Sayansi na Ufundi, Jimbo la Magharibi. Anasema jina lina mabehewa mengi, injini iko wapi?

Jumatano, 23 Oktoba

Nimenakili mchoro wa tangi kwa wino, nakala ya Mkaguzi. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya! Tangi ni la mviringo, jembamba na refu, futi nane kwenda juu. Maji yanatoka kwenye paa, yanaingia kwenye gata — ule mfereji wa bati unaoning'inia ukingoni — na kutoka kwenye gata yanamwagikia tangini kwa juu. Nimeandika vipimo vyote mwenyewe. Wasichana wa Darasa la Tisa walipita wakaniita Bi Rula. Sawa tu.

Jumanne, 29 Oktoba

Wavulana wa ufundi wamefika na matofali. Wasichana wote ghafla wana shughuli nyuma ya madarasa. Mimi nilikwenda kwa sababu ya tangi. Naapa.

Bwana Tobias alikuja na kile kiti! Wamekibeba kutoka ng'ambo ya reli, mto na yote, wakakiweka kivulini. Mwalimu alikaa hapo, akapewa mwavuli pia. Kila aliposimama kuusogelea msingi, mtu alimwambia, "Usijisumbue, Mwalimu, utachafuka." Safu ya kwanza ya matofali ikalazwa, yeye yuko mbali kama bibi harusi.

Nilisimama chini ya ukingo wa paa nisionekane. Wavulana walikuwa wanarushiana matofali, moja likawa karibu kuniangukia, nikainua mkono kujikinga — na vidole vyangu vikagusa bati. Gata!

Nimegusa gata. Mimi! Ambaye siwezi kufikia rafu ya juu ya maktaba.

Nimekwenda upande wa mbele wa jengo. Kule hata Bwana Tobias haligusi. Nikarudi nyuma: nagusa. Ardhi ya nyuma imepanda, na Mwalimu alipima kutokea mbele. Tangi la futi nane litasimama mahali ambapo gata liko futi sita.

Maji yatatoka kwenye paa halafu yapande juu kuingia tangini?

Nimepima mara nyingine kwa fimbo ya ufagio. Labda nimekosea. Mwalimu hakosei.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimepima tena. Sijakosea.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nilikwenda ofisini kwake kumwambia. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje, Sikuzani?"

"Naomba chaki."

Sasa nina chaki.

Mwanafunzi unamwambiaje mwalimu wako kwamba maji hayapandi? Amejifunza kwa posta miaka mitatu, mimi nina fimbo ya ufagio. Na matofali yamefika magotini. Mkaguzi anakuja Alhamisi ijayo. Nikinyamaza, tangi litasimama kavu mvua yote ya masika mbele ya jimbo zima, na wale mabwana watasema kwa heshima kwamba mwanamke alijitahidi. Hakuna msichana atakayeingia darasa lile, si mimi, si mwingine. Nikisema, huenda asinitazame tena.

Mbaya zaidi: Mwalimu Ng'washi anajenga visima. Alifumbua mdomo ule. Aliona! Na Bwana Tobias ni mwashi tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo kila mtu anajua isipokuwa yeye.

Ijumaa, 1 Novemba

Bibi aliniuliza kwa nini sili. Nikamwambia yote. Alitafuna polepole, kisha akauliza huyo Mwalimu ni wa wapi.

"Igalula."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Na wewe nani?"

Akanipiga kofi dogo pajani. Akasema, "Mke mwenzangu, umesoma vitabu vyote hivyo na hujui hata ulivyo." Mzaramo na Mnyamwezi, alisema, walikutana njiani, enzi za misafara. Mnyamwezi alishuka na mzigo hadi pwani, akiugua kule, nani alimpa maji? Mzaramo. Akifa, nani alimzika? Mtu aliyekuzika ukiwa huna ndugu hawezi kukukosea adabu. Ndiyo maana Mzee Lugembe anabeba chungu. Na ndiyo maana mwaka ule Babu alipofariki, Mzee Lugembe ndiye aliyelala kaburini kwanza akidai ni kitanda chake, mpaka watu waliokuwa wanalia wakacheka, ndipo wakapata nguvu ya kuzika.

Nakumbuka. Nilikuwa mdogo, nilimkasirikia sana.

Bibi anasema mtani anasema lile ambalo ndugu anaona haya kulisema. Nikamwambia yule ni mwalimu, anaamkiwa shikamoo. Akasema, "Basi mwamkie. Kisha mwambie."

Rahisi kwake. Yeye ulimi wake ulishuka Tabora.

Halafu akaongeza kwamba mkutano wa kesho utafanyika hapa nyumbani kwetu. Ameshapeleka salamu kwa Mwalimu kupitia kwa Mzee Lugembe. Mungu wangu! Hapa! Na Bibi ndani!

Jumamosi, 2 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wote watatu, wamevaa vizuri, adabu imewajaa. Nilitandika mkeka, nikaweka kalamu na karatasi. Mwalimu Marcelina akavua viatu mlangoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umeutua wapi?"

"Mzigo gani, Bibi?"

"Mnyamwezi gani anakuja mikono mitupu? Au siku hizi mnabeba hesabu tu?"

Nilitamani mkeka unimeze. Lakini Mwalimu! Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni. Aliweka mikono kiunoni. "Kumbe hapa kwa Wazaramo! Ndiyo maana nimesikia ngoma tangu kona ile, mchana huu watu wako kazini. Bibi, umekula? Au bado unaisubiri nazi ije na treni?"

"Nazi inakuja. Wewe endelea na michembe yako, viazi vya kukausha, meno yameshaisha!"

"Yameishia kutafuna Wazaramo!"

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu Marcelina alicheka — sijawahi kuona meno yake ya nyuma! Akaenda mwenyewe jikoni, akafunua chungu chetu, akachota, akala amesimama. Mwalimu Ng'washi naye hakuweza kujizuia, kwa sauti yake ya kifaranga akasema Wanyamwezi ni Wasukuma waliopotea njia wakitafuta ng'ombe. Akajibiwa kwamba Wasukuma ni Wanyamwezi walioshindwa kubeba. Mwalimu Batuli alianza kutazama kama aliyeingia nyumba siyo. Kisha Bibi akamwambia, "Na wewe mwenyekiti, yule kuku umeshampa cheo au umemla?" Akasema, kwa ile sauti ya kusoma, kwamba kuku ni katibu mwenezi. Basi! Hapo hata yeye tukampata.

Na sasa ajabu. Walipokaa, shida zilitoka zenyewe kama wageni waliochoka kujificha. Mwalimu Ng'washi ana kisima kimoja Bukene ambacho ukuta wake unapasuka kila kiangazi, hajui sababu, na hajawahi kumwuliza mtu kwa sababu anaogopa wataambiana hajui kazi. Mwalimu Batuli hafahamu nusu ya hesabu za umeme katika kitabu chake, anazifundisha kwa kukariri na kuomba Mungu asiulizwe swali. Mwalimu Marcelina akasema, "Mimi nina kiti."

Wakamtazama. Akaeleza. Wale mabwana hawamtukani hata siku moja. Wao kwa wao wanatukanana kutwa, na katika matusi hayo ndimo wanamofundishana kazi. Yeye akiingia, wananyamaza, wanaleta kiti. Miezi minne amekaa kwenye mto wa maua na hajaambiwa neno moja la maana.

Kisha akakunjua mchoro wa tangi juu ya mkeka. "Kuna neno?"

Mwalimu Batuli: "Hapana, Mwalimu mwenzangu. Ni vizuri sana."

Mwalimu Ng'washi alitazama miguu yake.

Bibi alikuwa anachambua mchicha mkononi mwake kama vile hana habari. Lakini kidole chake cha mguu kilinigusa kwenye goti.

Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Wote wakacheka. Nilishamwamkia mara mbili.

"Marahaba, Sikuzani."

"Mwalimu, mimi ni Mzaramo."

"Pole sana."

Wakacheka tena. Mashavu yaliwaka moto. Lakini maneno hayakukimbia, au yalikimbia kuja upande wangu, kwa mara ya kwanza.

"Sisi kwetu pwani maji yanateremka," nikasema. "Huko Igalula yanapanda? Maana gata la nyuma mimi hapa nilivyo mfupi naligusa kwa mkono, na tangi ni futi nane. Au ninyi mmezoea kubeba, mtayabeba maji kichwani mkayamwage juu?"

Mzee Lugembe, aliyekuwa anachungulia uani kutafuta cha kuiba, akasahau alichotaka.

Mwalimu alitazama mchoro. Akatoa penseli nyuma ya sikio. Akanitazama mimi, mkono wangu, urefu wangu. Aliniamuru nisimame, niinue mkono. Nikainua. Akapima kwa macho kutoka vidoleni hadi chini, na nikaona jinsi jambo lilivyomwingia, taratibu.

"Nilipima kutokea mbele," alisema.

Kisha akamgeukia Mwalimu Ng'washi. "Uliliona?"

"Mkutano ule wa kwanza." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Tulikuwa ndiyo kwanza tunajuana. Niliona haya."

"Na wewe, Batuli?" Batuli tu, bila Mwalimu mwenzangu!

"Nilihisi kuna kitu. Nikadhani ni ujinga wangu."

Mwalimu Marcelina alikunja mchoro nusu, akaukunjua tena. "Kumbe na ninyi mlinipa kiti," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Ng'washi alianza kulia, mwanamke mkubwa vile. Nilidhani basi, nimeua chama. Lakini Mwalimu Marcelina akamsukuma bega. "Acha kulia, Msukuma, utalijaza tangi kabla halijajengwa. Niambie tunafanyaje."

Wakalala kifudifudi kwenye mkeka wote watatu! Buibui, penseli, vumbi. Likiishia futi tano tu, halitatosha shule. Kwa hiyo liwe fupi lakini pana. Mwalimu Ng'washi akasema pana linataka msingi mzito zaidi na pete ya chuma ya kulizunguka, la sivyo litapasuka kama — hapo akasimama, akajipiga kipaji. Kama kisima chake! Mwalimu Batuli akaeleza kwa nini, habari za maji kusukuma ukuta, na hiyo aliifahamu hasa, hakukariri.

Shida ni moja. Matofali yaliyokwisha lazwa ni ya duara dogo. Lazima yabomolewe, mbele ya wale mabwana, na siku chache tu kabla ya Mkaguzi.

Katika kumbukumbu niliambiwa niandike sharti moja la chama: atakayesema "vizuri sana" kabla ya kupima, anapika chai mkutano unaofuata. Mwalimu Batuli anapika.

Jumatatu, 4 Novemba

Mwalimu alinipita koridoni. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, uso mkavu kabisa, kisha akainua mkono juu ya kichwa chake kama anagusa gata, akaenda zake. Nimecheka somo zima la jiografia.

Jumanne, 5 Novemba

Naandika hapahapa nyuma ya madarasa, nimekaa juu ya rundo la matofali. Mwalimu amesema niandike vipimo atakavyovitaja. Lakini bado hajataja chochote.

Mawingu yamejaa upande wa Igalula.

Wamefika. Bwana Tobias ameleta kiti. Mwalimu hakukaa. Amesimama mbele ya ukuta, akawaambia: tangi limekosewa, kosa ni lake, ardhi ya nyuma iko juu, linabomolewa leo. Kisha akauliza, "Nani aliliona?"

Wavulana wametazama angani. Lukumani amevua kofia, ameivaa tena.

Bwana Tobias amesema walidhani labda ana sababu zake za kitaalamu. Na pia, mgeni, tena mwanamke, mtu unaanzaje?

"Unaanza hivi," Mwalimu amesema. "Bwana Tobias, wewe mwashi wa miaka ishirini, umeona maji yanapanda ukuta ukaleta mto wa maua! Miwani hiyo ni ya kusomea au ya kufugia vumbi?"

Namwona Tobias amefumbua mdomo. Mishipa ya shingo imemsimama. Jamani, amekasirika? Natamani Bibi angekuwepo.

Lukumani ndiye aliyeanza kucheka, ameinama, ameshika mbavu. Anamwambia Tobias leo amekutana na bawaba zake. Tobias amevua miwani. Anaifuta. Anasema kwa sauti nzito kwamba yeye kwa kweli alitaka kuuliza kama hilo ni tangi au ni mnara wa kanisa, lakini alikosa ngazi ya kupandia hadi kwa Mwalimu.

"Mnara!" Mwalimu amesema. Anacheka! "Haya, ubomoe basi!"

Wanabomoa. Wote. Mwalimu amefunga kanga juu ya gauni, tope limefika viwikoni, hakuna aliyemwambia atachafuka. Lukumani anamwambia anashika mwiko kama anakoroga uji. Tobias anabisha habari za pete ya chuma, anasema ni ya nini, anajibiwa ni ya kufungia mdomo wake. Sasa Mwalimu amepanda juu ya kile kiti, viatu na yote, amekanyaga mto wa maua, anapima ukingo wa paa kwa kamba —

Gari.

Gari la serikali linaingia langoni. Alhamisi ndiyo siku yake, leo Jumanne! Mwalimu Mkuu anakimbia kulipokea. Mkaguzi anateremka, anatazama mawingu, anatazama saa. Lazima amehofia barabara zitajaa tope akaamua kuwahi. Anakuja huku. Na huku hakuna tangi. Kuna shimo, matofali yametawanyika, na Mwalimu yuko juu ya kiti, tope hadi shavuni.

Tobias ameliona gari. Lukumani ameliona. Wametazamana. Nilidhani watarudi nyuma wasimame kando, mikono nyuma, kama siku zote. Tobias ameshika kiti — nikajua anataka kumteremsha — hapana, anakishikilia kisitikisike. Lukumani amekamata ncha ya pili ya kamba, lakini kamba ni fupi kwa duara jipya, haifiki.

Mkaguzi ameshapita darasa la mwisho.

Mwalimu hajageuka hata kumtazama. Anapaza sauti, mbele ya wote:

"Sikuzani! Mzaramo mvivu we! Acha kuandika, lete kamba ndefu!"

Naenda